Mguu Wangu Hauuzwi

Kanisani kwetu Uyole, ukiitwa mbele kutoa ushuhuda, watu hutega masikio wasikie ajali. Wanataka lori, wanataka damu, wanataka daktari aliyekata tamaa, kisha wanataka Mungu aingie. Mungu aliingia, sibishi. Ila mimi huanza na cherehani, na nikianza hivyo naona mzee wa kanisa anaangalia saa. Hapa nina nafasi, basi nitaanza nipendapo.

Nilikuwa fundi cherehani Mwanjelwa, Mbeya. Nilishona sare za shule mwezi wa kwanza, majoho ya kwaya kuelekea Pasaka, na magauni ya sendoff mwaka mzima. Cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga. Mwaka 2016 nilipanda bodaboda kutoka Inyala, na anayeijua barabara kuu pale mteremkoni anajua malori yanavyoshuka. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Habari ya ajali imeishia hapo.

Watu walinifariji kwamba cherehani inakanyagwa hata kwa mguu mmoja. Ni kweli, inakanyagwa. Lakini mguu mmoja unasukuma, wa pili unakushikilia ukae wima ili mikono ibaki huru kuongoza kitambaa. Bila ule wa pili kiuno kinapinda, bega linashuka, na mshono unalifuata bega. Kwenye sketi ya shule unaweza kuficha. Kwenye zipu ya gauni la bibi harusi huwezi. Wateja wangu walikuwa waungwana: walivaa hivyo hivyo, wakasema ahsante, wakahamia meza ya jirani. Sikuwalaumu. Hata mimi nisingevaa.

Dawa na nauli za kwenda kliniki zilitufikisha kwenye kausha damu. Mtanzania hahitaji kuelezwa mkopo huo: leo unapewa, kesho unaanza kurejesha, na ukiruka siku faini inazaa. Vijana wa kukusanya madeni walipokuja walikuwa na adabu zao zote. "Shikamoo mama." Wakabeba televisheni, wakabeba jiko la gesi, mwisho wakabeba cherehani. Mmoja wao akarudi kutoka mlangoni. "Samahani mama, na kikopo chake cha mafuta kiko wapi?" Nikamwonyesha kilipo.

Baada ya hapo nilikaa ndani. Mama yangu alipanda kutoka Kyela na mkungu wa ndizi, akanikuta sijachana nywele kwa muda ambao hakutaka kuuuliza. Hakunihubiria. Alipika mbalaga, akanilisha, akanisuka, akarudi kwake. Mume wangu, ambaye ni fundi ujenzi, alikuwa amepata kazi ya kujenga hosteli za wanafunzi Iringa, upande wa Kihesa. Mwanzoni mwa 2017 tukafunga virago.

Iringa ilinishangaza kwa jambo moja. Mjini pale nilikuta watu wenye ulemavu wako kazini, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Sababu kubwa ni Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, ikianza na vijana wachache viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye wakaongeza kufuma, kushona, mapambo, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi: unaandika unachotaka, au unajifunza ishara yake, unaletewa. Nilikwenda kunywa chai pale siku ambazo sikuwa na kazi yoyote mjini. Nilikuwa natazama wateja. Wale waliokuja mara ya kwanza walikuwa na nyuso za huruma, wanatabasamu kupita kiasi. Waliozoea walikaa, wakaagiza, wakanung'unika keki imekwisha. Nilitamani sana mtu aninung'unikie hivyo.

Sikufanya kazi pale. Ila katika mji wa namna ile ni rahisi kukutana na mtu mwenye ufundi mikononi, na mimi nilikutana na mzee mmoja kiziwi, kule Ipogolo bondeni, aliyekuwa anachoma shanga za vioo nyuma ya nyumba yake. Sitamtaja jina, hapendi. Mume wangu alikuwa amekwenda kumrekebishia ukuta, akarudi na ushanga mmoja wa kijani mfukoni. Nikauliza umetoka duka gani. Akasema umetoka kwenye chupa ya mvinyo. Nikaenda kwa yule mzee kujifunza.

Hapa nieleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani sisi tunatoboa vioo. Kuna njia ya kupuliza kioo, ambayo ndiyo wanayofanya wakubwa: kule Arusha ipo karakana ya Shanga, ambako watu wenye ulemavu hupuliza vyombo kwa chupa zilizotupwa, na nje ya Nairobi kuna Kitengela, walikojijengea jina Nani Croze na mwanawe Anselm. Lakini ili kioo kipulizwe lazima kiyeyuke kiwe kizito kama asali, zaidi ya nyuzi 1,000, na tanuru la namna hiyo halizimwi hovyo. Mfuko wa fukara hauliwezi. Sisi tunafuata njia ya unga, ile wanayoitumia Wakrobo wa Ghana. Kioo kinapondwa, kinajazwa kwenye kalibu ya udongo, kinachomwa kwenye nyuzi 800 hivi mpaka chembe zishikane. Kuni kidogo tu za mabanzi ya misonobari zinatosha, na Iringa mabanzi si tatizo. Msitu wa Sao Hill uko Mafinga pale, mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa nchini, na viwanda vya mbao vinatupa mabanzi kila siku.

Chupa zina siasa zake. Chupa ya bia au soda si takataka, ina fedha yake ya rehani, huwezi kuiokota. Zinazobaki ni za mvinyo na pombe kali. Mwezi Machi 2017, wakati ule ule nilipokuwa najifunza, serikali ilipiga marufuku viroba, pombe kali ikarudi kwenye chupa, na majalala ya Iringa yakaanza kung'aa. Wengine walimshukuru waziri mkuu kwa kuwaokoa vijana. Mimi nilikuwa na sababu zangu.

Unaloweka chupa hadi lebo itoke, unaisugua na majivu, unaifunga kwenye gunia lililolowa, unaivunja. Kisha kinu. Chetu kilikuwa kipande cha bomba nene lililochomelewa kitako, na mchi wa chuma. Unaponda kidogo kidogo, mdomo na pua vimefungwa, miwani ya fundi wa kuchomelea machoni, na unanyunyiza maji, kwa sababu vumbi la kioo si la kuvutwa. Unachekecha. Unga wa chupa ya kijani ukiutazama huoni kijani hata kidogo, ni mweupe kama chumvi ya dukani. Rangi inarudi motoni. Jambo hilo nilikataa kuliamini mpaka nilipoliona.

Kalibu zinapakwa udongo mweupe uliokorogwa na maji ili kioo kisigande. Katikati ya kila shimo unasimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Moto ukija kinaungua, na nafasi yake ndiyo tundu la uzi. Muhogo haupendi baridi ya Iringa, kwa hiyo vikonyo tuliletewa na makondakta wa mabasi, na kila kondakta aliuliza hii ni dawa ya nini.

Tulichoma jioni tu. Mchana jua linadanganya, huwezi kujua moto umefika wapi. Gizani rangi inasema kweli. Nyekundu iliyofifia, bado. Nyekundu ya wazi, karibu. Ikianza kugeukia chungwa unatoa. Fundi wangu alinifundisha haya yote bila neno. Alinishika mkono, akaninyoosha kidole kwenye mdomo wa tanuru, kisha akafungua kiganja mbele ya kifua changu na kukiacha pale: subiri. Nikisogea, kiganja kinasogea nami. Siku nyingine alikuwa anatazama kwingine kabisa, anakula karanga, lakini kiganja kipo. Kisha ghafla anakiondoa, na hapo unapaswa kuwa na koleo mkononi tayari. Kalibu inatoka, unauchukua ushanga ungali laini, unaingiza ncha ya msumari tunduni, unauzungusha kwa msumari mwingine mpaka uwe mviringo. Dakika moja ukichelewa umegeuka jiwe.

Halafu majivu ya moto, uufukie, upoe mpaka kesho. Iringa mwezi wa sita usiku unaweza kuvuta hewa ukaona moshi kinywani, na kioo kikikutana na baridi hiyo kinapasuka chenyewe, tena si mbele yako. Kinakuacha ulale. Ukichanganya kioo cha dirisha na cha chupa napo kitapasuka, hata ukipoze kwa dua, kwa sababu havisinyai sawasawa. Mikono yangu ilijaa makovu madogo. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda, na kazi nzima, kuanzia kinu hadi msumari, haikuuliza nina miguu mingapi.

Nikiwa kwenye kigoda kile niliwahi kufikiri juu ya shanga zenyewe. Shanga za vioo ziliingia huku bara zamani sana, zikipitia pwani kwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na karne ya 19 misafara kutoka Unguja ilizibeba kama fedha, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice. Chifu aliyepitiwa na msafara alidai ushuru kwa shanga na vitambaa, na rangi iliyopendwa bonde hili ilikataliwa bonde la pili, mfanyabiashara akabaki na mizigo isiyonunulika. Bibi zetu walichagua. Walikuwa wateja wagumu, na Mzungu wa Venice kule kwake ilimbidi ajue wanataka nini. Leo shanga za Mwanjelwa nyingi hutoka China na India. Afrika nayo iliwahi kuyeyusha yake. Ile-Ife ya Nigeria walikuwa na kioo chao wenyewe karne nyingi kabla Mreno hajaonekana pwani ya magharibi. Kwetu tuliletewa. Basi mimi nikiponda chupa ya mvinyo wa Dodoma Ipogolo, najihisi kama mtu anayelipiza kisasi kidogo, bila ugomvi.

Kuuza ndiko kulikonitoa jasho. Iringa ni mlango wa Hifadhi ya Ruaha, watalii hulala mjini kabla ya kwenda kuona tembo, na duka moja la zawadi likakubali kuchukua shanga zangu kwa mali kauli. Nilikata kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kile cha shilingi 20,000 kilicholetwa na Rais Magufuli, nikajiona mtu. Wiki chache baadaye mwenye duka akaniita. Alitaka kunipiga picha. Nikavaa kitenge kizuri. Akasema hapana, sogeza kiti, magongo yaonekane, na hicho kisigino, yaani mahali pasipo na kisigino. Picha itakwenda kwenye kadi, kadi itafungwa kwenye kila mkufu. "Utauza mara tatu," akaniambia, na wala hakuwa mtu mbaya.

Aliuza kweli. Mama mmoja mgeni alisoma kadi dukani, akalia, akanunua mikufu yote iliyokuwa kwenye kibao, akataka kunikumbatia. Nikakumbatiwa. Hakuivaa hata mmoja. Aliifunga kwenye karatasi pale pale. Nina hakika mpaka leo imo kwenye droo, huko iliko. Wakati huo huo kulikuwa na fundi cherehani wa Makambako, mama mmoja mwenye mdomo, aliyekuja Iringa kununua vitambaa. Alinikuta stendi, akashika hereni zangu juu ya jua, akasema hizi mbili hazilingani, akapunguza bei hadi nikatamani kulia mimi sasa. Akanunua jozi nne. Mwezi uliofuata akarudi kutaka nyingine, na malalamiko mapya. Wa kwanza alinunua mguu wangu. Wa pili alinunua hereni. Nikaenda dukani nikaomba kadi ziondolewe, mwenye duka akaniona mjinga, na mauzo yakashuka kama alivyosema.

Ndipo ikaja 2020. Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa. Mei 18 anga ikafunguliwa, lakini wageni hawakurudi kwa kufunguliwa anga. Duka likanirudishia shanga zangu kwenye kiroba cha unga, pamoja na salamu. Hosteli nazo zikasimama nusu ukuta. Tulirudi Mbeya juu ya lori la mabati, sisi wawili na matofali ya tanuru letu ambayo mume wangu aliyabomoa moja moja na kuyaandika namba kwa mkaa ili yasipotee mpangilio. Watu wa Uyole walituona tukishusha matofali machafu bila hata kochi, wakadhani akili zimetutoka.

Mwanjelwa sikuwa nimekanyaga tangu cherehani ichukuliwe. Nilikwenda asubuhi moja nikiwa na shanga kwenye bakuli, wenzangu wa zamani wakanipokea kwa "Ugonile!" na vigelegele, wakanipa kiti, wakanipa soda. Shanga hawakununua. Mmoja akaninong'oneza, "Dada, hapa tunauza nguo. Tuletee kitu cha nguo." Nilitembea na neno hilo hadi kituo cha daladala cha Kabwe. Vifungo.

Kifungo kina matundu mawili, kwa hiyo kalibu bapa na vikonyo viwili vilivyosimama karibu. Vya mwanzo matundu yaliungana. Vilivyofuata vilitoka vizuri, nikavipeleka, na fundi aliyevishona akaniita kwa hasira: uzi umekatika, kifungo kimeanguka mbele ya mteja. Kumbe ukingo wa tundu ulikuwa wembe. Ilibidi nirudishe moto, nichome vifungo mara ya pili bila vikonyo, kwa muda mfupi tu, kingo za tundu zilainike lakini tundu lisizibe. Hapo kati ya kulainika na kuziba pana nafasi ndogo sana, na nilikitafuta kile kiganja cha fundi wangu mbele ya kifua. Sasa uzi haukatiki. Vuta uone, nawaambia wateja, na wanavuta kwelikweli.

Vifungo vilileta hereni, hereni zikaleta kamati za sherehe. Kamati ya kitchen party ni bunge. Walikuja akina mama watano, mwenyekiti wao akiwa na kipande cha kitenge. "Tunataka seti za sare, rangi ya zambarau."

"Zambarau sina, mama. Nina kijani, kahawia, na nyeupe."

"Kwa nini huna?"

"Hakuna pombe ya chupa ya zambarau."

Wakacheka, lakini hawakunilegezea. Nikaomba kile kitenge, nikaweka mkufu wa kijani juu yake, nikaweka na wa kahawia. Nilikuwa fundi nguo, macho hayo hayakukatwa. Kijani ndicho kilichoiamsha ile zambarau. Wakabishana wao kwa wao, wakabishana na mimi juu ya bei, wakaweka oda. Wakati wote huo nilikuwa nimekaa nyuma ya meza. Waliponyanyuka, mwenyekiti akayaona magongo ukutani, akatazama chini ya meza. "Kumbe!" Uso wake ukabadilika, nikaujua uso ule. Akafungua pochi, akaongeza noti ya 10,000 juu ya kishika uchumba cha oda.

Nilimrudishia. Nikamwambia bei tumeshapatana. Alinuna, na haki yake kununa. Jioni nilipomweleza mume wangu alikaa kimya kidogo, akasema, "Fahari hailiwi, mama. Unga umekwisha." Usiku ule hata mimi sikuwa na jibu, tulikunywa chai. Lakini mwenyekiti yule alirudi kwa harusi ya mdogo wake, akapunguza bei bila aibu, akakuta mkufu mmoja una ushanga wenye ufa akanitupia mezani nibadilishe. Nilibadilisha huku nafurahi.

Mambo mengine nayapitia haraka. Tulijiunga kikundi cha watu wenye ulemavu tuombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia mbili yetu kati ya kumi isiyo na riba; Aprili 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa nchi nzima, ikaja kurejea mwaka uliofuata, nasi tukaanza fomu upya. Agosti 2023 Nanenane ya kitaifa ilikuwa hapa hapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, nikapata kona ya meza kwa watu wa SIDO. Afisa mmoja akapendekeza bango liandikwe "Mlemavu Aliyethubutu". Nikaandika "Vifungo na Hereni za Kioo", na bei chini yake. Watu waliokuja walikuja kuuliza vifungo.

Deni la kausha damu lilikwisha. Lilikwisha kwa VICOBA na kwa vifungo, shilingi kwa shilingi, na sikupewa risiti. Siku nikielezwa kwamba haya yote yalikuwa mpango wa Mungu ili nigundue kipaji, huwa naitikia amina, kisha nauliza kimoyomoyo kama hakukuwa na njia ya kugundua vifungo nikiwa na miguu yote miwili.

Yule mama wa Makambako bado ni mteja wangu, na sasa anaagiza kwa simu. Juzi kanipigia, anataka vifungo vya makoti ya baridi, vikubwa, vya kahawia, na anataka nipunguze kwa kuwa anachukua vingi. Nikamwambia kifungo kikubwa kinakula unga mara mbili na kinapasuka zaidi mwezi huu wa baridi. Bei haishuki, inapanda. Akasema basi atatafuta kwa mwingine. Nikamwambia atafute. Akakata simu. Kabla sijaiweka chini ikaita tena: nimwandalie, ila visichelewe, na safari hii vilingane.